Mille Lacs kutoka angani: tathmini ya safari ya ndege ndogo juu ya vijiji vya wavuvi wa barafu

Kampuni ninayoiandikia tathmini hii huuza kitu kimoja tu wakati wa baridi: saa moja na dakika ishirini katika ndege ya viti vinne, juu ya ziwa lililoganda ambalo watu wamehamia juu yake na vitanda, majiko na magari yao, ili wavue samaki kupitia matundu wanayotoboa kwenye barafu. Nilipanda Jumamosi ya mwisho ya Januari pamoja na mke wangu na kaka yake, shemeji yangu, mzaliwa wa Ukerewe ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miezi mitatu tangu aingie jimbo la Minnesota, Marekani. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa mwenyewe na bado nasubiri jibu, na si haki kumwanika mtu kabla hajajieleza. Atakayetaka kuruka hatakosa watu wa kumrusha, maana viwanja vidogo vya ndege vya katikati ya jimbo hili ni vingi. Naomba niseme mapema kwamba fedha yangu haikupotea, ila ilichelewa kunishawishi.

Ziwa lenyewe linaitwa Mille Lacs, na liko kiasi cha kilomita 160 kaskazini mwa jiji la Minneapolis. Jina hilo ni la Kifaransa na maana yake ni maziwa elfu moja, ingawa ziwa ni moja tu. Waojibwe, ambao ndio wenyeji wake, huliita Misi-zaaga'igan, yaani ziwa kubwa, na nadhani wao ndio waliolitazama vizuri zaidi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 536. Msomaji wa Kanda ya Ziwa atauelewa ukubwa huo haraka nikimwambia kwamba kisiwa cha Ukerewe kikinyanyuliwa na kuwekwa juu yake kitalifunika karibu lote. Lakini kwa kina halitishi: mahali penye kina kirefu kuliko pote ni kama mita 13, na sehemu kubwa haifiki hapo. Ziwa la namna hiyo, pana na lenye maji machache chini yake, hupoa upesi, na kufikia Januari ya kawaida huwa limejenga ganda la barafu linalobeba malori.

Shemeji aliuliza swali ambalo kila mtu wa kwetu huuliza, kwamba kama ziwa limeganda, samaki wanaishi wapi. Jibu ni kwamba maji huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa katika nyuzijoto 4. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kupanda juu, na barafu ni nyepesi zaidi kuliko maji, kwa hiyo ziwa hujifunika kuanzia juu na kuacha maji yasiyoganda chini, ambako samaki huendelea na maisha yao kwa mwendo wa pole. Laiti maji yangeganda kuanzia chini, uvuvi huu usingekuwepo, wala hao samaki.

Tukirudi kwenye huduma. Kuweka nafasi kulifanyika kwa simu, na jambo la kwanza tuliloulizwa lilikuwa uzito wa kila mmoja wetu akiwa amevaa nguo za baridi. Mke wangu alinipa simu nijibu mwenyewe, na nilijibu kwa adabu kadiri nilivyoweza. Swali lile si utovu wa heshima. Ndege yao ni Cessna 172, aina iliyoingia sokoni mwaka 1956 na ambayo hadi leo zimeundwa zaidi ya 44,000, nyingi kuliko ndege ya aina nyingine yoyote, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wakati wa kuruka ni takriban kilo 1,100, ndege yenyewe, mafuta na abiria wakiwa pamoja. Watu wanne wazima waliovaa makoti mazito na mabuti wakizidi, mafuta lazima yapunguzwe, na rubani anayefanya hesabu hiyo mbele yako kwa penseli ni rubani wa kupanda naye.

Siku mbili za kwanza tulizopangiwa ziliahirishwa, moja kwa sababu ya mawingu ya chini na nyingine kwa upepo, na sina kinyongo na hilo. Kinyongo changu cha kwanza ni cha malipo. Bei tuliyoambiwa ilikuwa dola 390 kwa watu watatu, lakini siku ya safari tulikuta nyongeza ya dola 35 iliyoandikwa kuwa ni ada ya kupasha injini moto. Ni kweli kwamba katika baridi ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri injini ya ndege ndogo haiwashwi hivi hivi: mafuta yake ya kulainishia huwa mazito kama asali, hivyo hupulizwa hewa ya moto kwa muda mrefu, huku pua ya ndege ikiwa imefunikwa blanketi nene lililoshonwa kwa umbo lake. Nimeiona kazi hiyo na siidharau. Ila huwezi kuuza safari ya baridi halafu ukamtoza mteja kwa sababu kuna baridi. Ni sawa na mama ntilie kukupa bei ya ugali kisha akadai fedha ya kuni.

Rubani wetu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyefundisha wengine kwa miaka mingi. Alituonyesha kadi ndogo iliyobandikwa mbele ya kiti chake, yenye doa la rangi ya chungwa, akaeleza kwamba joto la ndani ya ndege hutokana na hewa inayozungushwa kwenye mabomba ya moshi wa injini, na kwamba bomba likitoboka, gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu inaweza kuingia tulimo. Doa likigeuka kuwa jeusi, tutazima joto, tutafungua matundu ya hewa na kutua. Alilisema kwa utulivu kama mtu anayeeleza choo kiko upande gani. Nilimwamini tangu hapo. Mlango wa upande wangu, hata hivyo, ulikuwa unapitisha upepo mwembamba kama sindano, na kwa saa nzima goti langu la kulia halikujua kwamba ndege ina joto. Aliyekaa mbele alivua glavu. Sisi wa nyuma tulifunga kila kilichofungika.

Tuliruka saa tisa na nusu alasiri. Hewa ya baridi ni nzito, na bawa huipenda hewa nzito, kwa hiyo ndege ile ndogo ilipanda kwa haraka ambayo sikuitarajia. Kwa dakika ishirini na kitu hapakuwa na la ajabu: mashamba meupe, misitu myeusi, barabara zilizonyooka. Kuna maelezo yaliyorekodiwa ambayo husikika masikioni kupitia vile vipokea sauti, na kwa sehemu hii ya safari yalikuwa yakitaja ukubwa wa mashamba. Nilisinzia kidogo.

Kisha ardhi ikaisha. Namna ya kulieleza jambo hili ni ngumu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamekwisha kuzoea weupe, na ziwa nalo lilikuwa jeupe. Tofauti ni kwamba miti ilikoma ghafla na mbele yake hapakuwa na kitu hadi kwenye upeo wa macho. Halafu, katikati ya kile kisicho kitu, pakatokea mtaa. Nasema mtaa kwa makusudi. Palikuwa na barabara kuu iliyolimwa kwenye theluji, pana kiasi cha magari mawili kupishana, na vichochoro vikitoka kulia na kushoto. Kila kichochoro kilikuwa na vibanda vyake, vyekundu, vya buluu, vya rangi ya mbao, na vingine vya bati vinavyong'aa, na kando ya kila kibanda gari limeegeshwa kama nyumbani. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye baadhi ya mabomba na kulala upande mmoja kwa upepo. Mtoto alikuwa akivutwa kwenye kigari cha kuteleza nyuma ya pikipiki ya theluji. Kivuli cha ndege yetu kilipita juu ya paa la kibanda kimoja na mbwa akakifukuza.

Shemeji, aliyekaa mbele, aligeuka akasema: "Shemeji, hawa watu wamepima viwanja juu ya maji!"

Sheria ya Marekani humkataza rubani kuwa karibu zaidi ya futi 500, yaani kama mita 150, na mtu, gari au jengo lolote katika maeneo ya namna hii, na mama yule hakuikaribia mipaka hiyo kwa mzaha. Alizunguka kwa upana, akiinamisha bawa la upande wangu kisha la upande wa mke wangu, ili kila mmoja apate zamu. Mabawa ya ndege hii yako juu ya dirisha, si chini yake, na ndiyo maana inafaa kwa kazi ya kutazama; kutoka urefu ule unaona mtu ameinama juu ya tundu, lakini huoni anachokivuta. Barabara zile, alieleza, hulimwa na wenye hoteli ndogo za ufukweni, ambao hutoza kila gari ada ya kupita, na mahali ufa ulipokatisha barabara huweka daraja la kubebeka. Tulilipitia mojawapo: gari lilikuwa likivuka polepole kama mzee anayevuka mto kwa gogo, na la nyuma lilisubiri mbali hadi lile la kwanza lilipofika ng'ambo. Mwendo wa pole si woga tu. Gari zito likienda kasi juu ya barafu husukuma wimbi katika maji yaliyo chini, na wimbi hilo likifika kwenye maji haba karibu na ufukwe linaweza kuipasua barafu iliyokuwa imara.

Hapa ndipo penye thamani ya safari yote, na ninashangaa kwamba tangazo lao halilitaji. Rubani alipunguza sauti ya maelezo yaliyorekodiwa, akampa shemeji karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki. Ilikuwa ramani ya sakafu ya ziwa, yenye mistari ya kina. Alimwomba aitazame, kisha atazame nje. Mimi nilichungulia kutoka nyuma. Katika nusu ya kaskazini ya Mille Lacs kuna matuta mapana ya tope chini ya maji, ambayo migongo yake ni bapa na imeinuka mita mbili tatu kuliko sakafu inayoyazunguka. Samaki aitwaye walleye, ambaye ndiye anayewatoa watu wote hawa nyumbani, hupenda kukaa kwenye kingo za matuta hayo. Matuta hayo hayaonekani. Yamefunikwa na maji, maji yamefunikwa na barafu, na barafu imefunikwa na theluji. Lakini vibanda vilikuwa vimejipanga kwa mkunjo, vikizunguka uwanja mtupu wenye umbo la figo, na mkunjo huohuo, kona kwa kona, ulikuwa umechorwa kwenye karatasi aliyoishika shemeji. Tulisogea mbele kidogo na kukuta kundi lingine lililorefuka kama kidole; kwenye ramani pia palikuwa na kidole.

Mtu aliye chini, ndani ya kibanda, haoni umbo hilo. Yeye anajua tu kwamba hapa alipotoboa kuna kina fulani na pale jirani alipotoboa kuna kingine, na kwamba jana samaki walikula huku na si kule. Maelfu ya watu wanaohangaika kila mmoja na tundu lake wamechora, bila kukusudia, picha ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona. Shemeji aliishika ile ramani muda wote uliobaki. Kwao Ukerewe, aliniambia baadaye, wavuvi wazee hulijua jiwe la chini ya maji kwa kupanga mnara wa kanisa na mti fulani wa kilimani. Hapa hakuna mnara wala kilima, lakini alilielewa jambo lile kabla hajaelezwa.

Kutoka angani pia unaona kile ambacho hungependa kukiona ukiwa chini. Barafu si bamba moja. Ina nyufa ndefu kama mipaka ya mikoa, na mahali mabamba mawili yaliposukumana imeinuka ikawa ukuta wa vipande vilivyosimama wima, wakati mwingine na mstari wa maji meusi pembeni mwake. Rubani alitaja kipimo ambacho idara ya maliasili ya jimbo huwatangazia watu kila mwaka: inchi 4 za barafu mpya iliyo safi kwa mtembea kwa miguu, 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, na inchi 16 au 17 kwa gari kubwa la kubebea mizigo. Idara hiyo husisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Mwishoni mwa Desemba 2023, katika ziwa la Upper Red Lake lililo kaskazini zaidi, kipande kikubwa cha barafu kilijitenga na ufukwe kikiwa na wavuvi zaidi ya 100 juu yake, na ikabidi waokolewe. Mke wangu aliuliza kama nasi tungelala chini kwenye kibanda usiku ule. Nilimjibu kwamba tumekwisha kulipa.

Maelezo yaliyorekodiwa yalirudi tulipoelekea upande wa kusini-magharibi, na hapo ndipo lawama yangu nyingine ya angani, ambayo siihesabu katika yale malalamiko mawili kwa kuwa haihusu fedha. Sauti ile ilisifu sanamu kubwa ya walleye iliyoko mjini Garrison, ikataja kwamba samaki huyo ni alama ya jimbo tangu mwaka 1965, na ikapita juu ya ardhi ya Waojibwe wa Mille Lacs bila kusema neno la maana. Watu hao walitia saini mkataba na serikali ya Marekani mwaka 1837, wakatoa ardhi lakini wakabaki na haki ya kuwinda na kuvua. Jimbo lilipowabishia haki hiyo, kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1999 iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba haki ya mkataba bado ipo. Ni vigumu kueleza uvuvi wa ziwa hili bila kusema hayo, kwa sababu hadi leo kiasi cha samaki kinachoweza kuvuliwa hugawanywa kati ya jimbo na makabila yenye haki hiyo. Idadi ya walleye ilipopungua, jimbo lilifunga uvuvi wake katikati ya kiangazi, mwanzoni mwa Agosti 2015, na kilio cha wafanyabiashara wa ufukweni kilisikika mbali.

Tena, Waojibwe wana uvuvi wao wa barafu ambao ni wa zamani kuliko kibanda chochote chenye jiko la gesi, nao ni wa mkuki. Mvuvi hujifunika gizani juu ya tundu. Giza la ndani hulifanya tundu ling'ae kama dirisha, kwa sababu nuru hupenya kwenye barafu na kuyaangaza maji kutoka chini. Humo hutumbukiza samaki wa mbao aliyechongwa na kupakwa rangi, mwenye madini ya risasi tumboni ya kumzamisha, akimchezesha kwa uzi ili samaki mkubwa aje kumtazama, na mkuki unashuka. Siku hizi hata wasio Waojibwe huvua hivyo kwa samaki mrefu mwenye meno makali aitwaye pike. Kutoka juu, vibanda vya namna hiyo hujulikana kwa kutokuwa na madirisha. Hilo alitueleza rubani, rekodi haikulitaja.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipogeuka kurudi, na ombi langu kwa atakayeweka nafasi ni moja: achague safari ya mwisho ya siku. Adhuhuri, ziwa lile ni karatasi nyeupe inayoumiza macho. Jua likiwa chini, kila kibanda hurusha kivuli kirefu cha buluu, nyufa hujitokeza, na njia za pikipiki huonekana kama mistari ya kiganja. Halafu taa zikaanza kuwaka, moja hapa, tatu pale, kisha mtaa mzima. Sote watatu tulinyamaza, na najua tulikuwa tunafikiria kitu kimoja: usiku usio na mwezi katika Ziwa Victoria, karabai za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetanda majini hadi usijue mji umeishia wapi. Kwetu, hata hivyo, taa ni sehemu ya mtego, maana dagaa huifuata nuru. Huku taa ni ya mtu kuona kikombe chake cha kahawa. Walleye ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha nuru, ndiyo maana macho yake humeta kama ya paka, na humsaidia kuwinda wakati maji yanapoingia kiza. Kwa hiyo saa ileile sisi tuliyokuwa tunaondoka angani ndiyo saa ambayo chini yetu kila mtu alikuwa ameketi wima.

Sehemu ya pili ya huduma ni kibanda. Kampuni hii hushirikiana na mtu wa ufukweni, na kwa dola 160 zaidi mnalala kwenye kibanda kimoja kati ya vile mlivyoviona, mkapelekwa na kurudishwa. Hapa ndipo lilipo lalamiko langu la pili. Tuliahidiwa kibanda kilichopashwa moto na matundu yaliyotobolewa tayari. Tulikikuta baridi kama kaburi, mtungi wa gesi ukiwa umefungwa, matundu manne yakiwa yameziba kwa barafu nzito, na godoro likinuka samaki wa msimu mwingine. Aliyetuleta alisema atarudi baada ya dakika kumi. Alirudi baada ya saa moja na nusu, na tukadaiwa ada ya barabara ambayo tulidhani imo ndani ya bei.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee aliyekuwa kibanda cha tatu, aliyekuja na keekee yake ya betri, ndefu kufikia kifuani, na kutoboa matundu yote kwa dakika chache. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona kazi hiyo kwa karibu. Keekee inapozama hutoa barafu iliyosagika, kavu kama unga wa muhogo. Inaendelea hivyo hadi karibu na mwisho, halafu ghafla unga unageuka uji, na maji meusi yanapanda kimyakimya hadi karibu na usawa wa barafu na kusimama hapo. Mzee alichukua kijiko kikubwa chenye matundu na kuuchota ule uji, akamkabidhi shemeji kijiko hicho na kumwonyesha kwa ishara kwamba hiyo itakuwa kazi yake usiku kucha, maana tundu lisipochotwa huziba tena. Barafu ilikuwa na unene wa kuanzia ncha za vidole vyangu hadi juu kidogo ya kiwiko.

Jimbo humruhusu mvuvi wa barafu kuwa na mishipi miwili, na ni lazima awe na leseni, ambayo tulikuwa tumekwisha kuinunua mtandaoni. Mshipi mmoja hutundikwa kwenye gurudumu lililopigiliwa ukutani, lenye punje ndani zinazolia kama kayamba samaki anapovuta, ili mwenyewe aweze kulala. Wa pili hushikwa kwa ufito mfupi usiozidi urefu wa mkono. Kuna pia chombo cha sona kinachoonyesha kwa mistari ya rangi sakafu iko wapi, chambo kiko wapi na samaki anapopita katikati. Shemeji alikitazama chombo hicho kwa muda, akakisogeza pembeni. Alifunga chubwi, akaliteremsha hadi likagusa tope, akalivuta juu kiasi cha shibiri mbili na kuanza kulitikisa kidogo kidogo kwa kidole, mshipi ukiwa mkononi bila ufito.

"Shemeji, tope ni tope," alisema.

Kayamba la ukutani lililia mara moja usiku na kutuamsha bure. Lakini alfajiri, kwa mkono, shemeji alimtoa walleye wa rangi ya dhahabu iliyokoza, mwenye jicho kubwa lililopauka kama kioo chenye ukungu. Tulimpima kwenye rula. Kanuni za ziwa hili huweka vipimo vya urefu vinavyobadilika kila msimu, na huyu hakuwa ndani ya kipimo kinachoruhusiwa, kwa hiyo alirudishwa tunduni kichwa kikitangulia, na shemeji akaendelea kutazama lile tundu kwa muda, kama mtu aliyekabidhi mshahara wake dirishani. Yule mzee alituletea samaki wadogo wa kukaanga, waliopakwa unga na kukolezwa chumvi, akala nasi na kuondoka bila kuuliza tumetoka nchi gani. Ni mtu wa kwanza Minnesota kutoniuliza.

Kwa atakayekwenda: safari ya ndege nakushauri uichukue, na uombe rubani badala ya rekodi. Uliza kwa maandishi kama bei inajumuisha kupasha injini. Vaa soksi mbili za sufi na usivae buti linalobana, maana mguu usio na nafasi hauna joto. Simu iweke ndani ya koti, kwa sababu betri yake huisha upesi kwenye baridi, na kioo cha dirisha usikipulizie pumzi, kwani huganda papo hapo na hutaona tena kitu. Kibanda kitafute mwenyewe kwa watu wa ufukweni, ukilipa baada ya kukiona. Msimu wa walleye hufungwa mwishoni mwa Februari, na vibanda huondolewa mwezi Machi, kwa hiyo anayesubiri hali ya hewa ya kupendeza atakuta ziwa tupu.

Kufikia siku ninapoandika haya, dola 35 hazijarudi. Shemeji ameweka nafasi nyingine ya wiki ya pili ya Februari, kiti cha mbele, kwa fedha yake mwenyewe, na amemwomba rubani ampigie nakala ya ile ramani.